Biskuti za Kopo Jekundu

Darsait, Maskati

Mjukuu wangu Salma,

Ujumbe wako nimesomewa na mamako baada ya Alasiri, nikafurahi kusikia u mzima. Sisi pia wazima, alhamdulillahi. Ammi yako keshahamia Bausher, sasa twamwona Ijumaa tu.

Umeuliza uniletee nini kutoka Kanada, na kama zile biskuti za asali ya miti, za kopo jekundu, bado nazipenda. Nazipenda, lakini hazitengenezwi tena. Nlishaagizia kwa watu, wakarudi mikono mitupu.

Babu yako alipokuwa akisoma huko tulikuwa maharusi, nami nkamfuata. Mama alinitilia tende sandukuni, nami nkaziweka za wageni, maana ndivyo tulivyolelewa: mgeni hakosi kahawa na tende. Ramadhani ikaingia, tukawa twafuturu kwa biskuti zile, mwezi mzima. Babu yako hakulalamika. Mgeni hakuja hata mmoja. Baada ya Idi nikafungua sanduku, tende zote zimeingia wadudu. Nikazitupa kimya kimya, nikidhani hajui.

Mwaka jana, siku zake za mwisho, nlimpelekea kitandani tende nzuri kwenye sahani. Akaitazama sana, kisha akatabasamu.

"Leo na mimi mgeni?"

Kumbe miaka yote hiyo alijua.

Basi usihangaike na kopo, mwanangu. Njoo wewe. Kwangu siku hizi hakuna tena tende za wageni.

Akuombeaye kila swala,
Bibi yako