Leseni ya Kihonda na Midalasini ya Tatu

Koleta, mjukuu wangu, mke mwenzangu,

Barua yako nimeisoma mwenyewe, kwa herufi zangu za ngumbaru, kidole kikifuata mstari. Unaniuliza usaini au usisaini. Umenipa heshima kubwa, na imenikuta wakati ambao sistahili kuulizwa chochote.

Nakumbuka siku uliyonipeleka Kihonda kuiona kompyuta yenu. Nilishuka na kapu la kabichi nikidhani nitaona kitu cha kubeba mkononi, kumbe ni makabati, tena makubwa kuliko ya sakristia. Chumba kina baridi kuliko huku kwetu mlimani mwezi wa saba. Nikakuuliza, "Mnaigandisha ili isioze?" Mkacheka, wewe na wenzako, mpaka mmoja akakaa chini. Halafu ukanieleza polepole, kama mtu anayemlisha mgonjwa uji. Kwamba ilikuwa ya shirika la umma, shirika likauzwa, mnunuzi akataka jengo tu, nyinyi mkachangishana mkaichukua kwa bei ya chakavu. Kwamba benki na serikali zinaendesha kazi zao kwenye kompyuta kubwa kama hiyo, na kijana anayetaka kuwaandikia programu lazima apate pa kuzijaribu. Kukodi huko Dar ni kwa wenye uwezo. Hapo kwenu alikuja yeyote, hata wanafunzi wa chuo, akachangia umeme basi.

"Chuma ni chetu, bibi," uliniambia, "ila programu kuu inayokiamsha ni ya kampuni ya ng'ambo. Tunaitumia kwa leseni ile ya shirika."

Nikakujibu, "Hilo si shamba la kuazima?" Maana ardhi yetu ni ya ukoo, sisi wanawake ndio shina lake, na mtu wa nje akitaka kulima analeta ngoto, yaani kuku na mahindi kidogo kila mavuno, kukiri kwamba ardhi ina wenyewe. Mazao ni yake. Mti hapandi, kwa sababu mwenye mti hatoki. Ukanikumbatia ukasema ningekuwa mwanasheria. Nilivimba kichwa njia nzima kupanda nyumbani.

Tena nilikuwepo, na kapu jingine, siku wakala wa kampuni alipokuja kutoka Dar. Kijana msafi, viatu vinang'aa. Akasema leseni ilitolewa kwa shirika, shirika limekufa, kwa hiyo programu izimwe. Ukamwambia mko tayari kulipa kama shirika lilivyolipa. Akasema bei hiyo haipo tena. Nikaingilia.

"Wewe, una mama?"

"Ninaye, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Anajua kazi unayofanya?"

"Anajua niko ofisini."

"Mwambie ofisi yako ni kuzima taa za watoto wa wenzio."

Wenzako wakaangua kicheko. Yeye akatabasamu, akasubiri. Ukaizima wewe mwenyewe, Koleta. Ule mvumo wa chumba ukakata, nikakuona unafuta vumbi kwenye kabati lisilo na vumbi. Nilimlaani yule kijana mpaka nalala.

Sasa unasema kampuni imelegeza. Mtaruhusiwa kuiwasha kwa malipo mnayoyamudu, ila usaini kwamba kila programu mtakayoandika humo, na mlizokwisha kuandika, ni zao. Wenzako wamechoka, wanataka usaini. Unasema utafuata neno langu kwa kuwa mimi ndiye ninayegawa mashamba ya ukoo.

Basi sikia ninavyogawa.

Mzee Shomari wa Mkuyuni alilima lile shamba letu la mtoni tangu mama yako hajaolewa. Unamkumbuka, ndiye aliyekuwa akikuita mchumba na kukupa ganda la mdalasini utafune. Ile midalasini aliipanda mwenyewe. Niliiona inakua nikanyamaza, maana chai yake nilikuwa nainywa mimi. Amefariki kabla ya masika. Arobaini ilipopita akaja binti yake, Tatu, na kuku mkononi, kuomba aendelee kulima. Na mimi kuna mtu wa mjini alikuwa ananizungukazunguka, analitaka shamba kwa nyanya za kuuza Dar, na ngoto yake haikuwa kuku. Nikamwambia Tatu, mbele ya mama zako wadogo, "Nilimpa baba yako. Baba yako amekufa. Na miti yenu iondoke."

Hakubisha. "Sawa, bibi." Akamfungua kuku miguu akaniachia uani, akasema baba yake alishamtenga kwa ajili yangu.

Barua yako ikafika wiki hiyohiyo. Nilipofika kwenye maneno ya wakala, leseni ilikuwa ya shirika, shirika limekufa, kidole kikasimama. Nilikuwa nimeyasema hayohayo, tena peku, bila hata viatu vya kung'aa.

Asubuhi nikateremka mtoni kumwita Tatu arudi. Nikakuta visiki. Alikuwa ametii. Kaikata yote, kaipanga magogo kando ya njia, kafagia hata majani ili mgeni wangu apokee shamba safi. Nikaenda kwake Mkuyuni. Nikamwambia shamba ni lake, na atakachopanda humo ni chake na cha wanawe, hata mti. Akanitandikia mkeka, akanipa maji ya kunywa. Akasema, "Asante, bibi. Nitapanda mahindi."

Mahindi, Koleta, ya kuvuna na kuondoka. Uso wangu sijui niuweke wapi. Kanisani sasa nakaa nyuma.

Neno langu unalo, pamoja na kinywa linakotoka. Usisaini. Ngoto walipeni, hata ikiwauma, kwa sababu programu kuu ni yao na wameitolea jasho. Mlichoandika nyinyi msikitoe. Wakikataa, mashine ikae imezimwa, mtafute pengine. Najua neno hili linaweza kukukosesha kazi, na wenzako watakununia. Njaa ikikushika, njoo, mihogo ipo na mimi nipo. Lakini nimeiona sura ya mtu aliyeambiwa akate vyake akasema sawa. Ilikuwa na adabu sana. Sitaki siku moja uje kunisalimia nayo.

Kula ushibe huko, na ulale bila kujilaumu. Ya kujilaumu niachie mimi.

Bibi yako, mzaa mama