Mjukuu wa Mfalme

Kwako kaka mwenye jina jipya,

Sisi hatujambo. Cherehani yangu imepona, na paka amezaa kabatini.

Riwaya yako nimeisoma. Eti shujaa ni wewe mwenyewe, mjukuu wa mfalme, na mama yako alifariki akikuzaa! Babu alikuwa kinyozi, bwana. Wanasema mkataa kwao mtumwa; wewe umejivika na taji.

Mama, aliyekusomesha kwa kuwapigia watu pasi, aliniomba nimsomee. Sikumwambia mwandishi ni nani, na hilo jina la jaladani halijui. Tulipomaliza alifuta machozi.

"Maskini mwana wa watu, kukua bila mama! Mwandikie aje hapa, nimpigie pasi hata shati moja."

Basi nimekuandikia.

Dada yako, ambaye kitabuni hakuzaliwa.