Sauti ya Salima kutoka Muyinga

Jumatano, 9 Machi 2005

Twaha amefika Gitega. Mwanangu amekonda. Kabeba kompyuta ya kazini, na ndani yake sauti ya mama yake, Salima — alimrekodi chumbani, mlango umefungwa. Kwenye simu ya dukani Salima husema "tuko salama" tu, maana watu wanasikiliza.

Lakini spika ya mashine imekufa njiani. Sauti iko ndani, haitoki.

Salima alikwenda Muyinga kumuuguza mama yake, vita vikafunga barabara. Vilipotulia, miguu yake ilikuwa imekwisha. Mapafu yangu pia.

Alhamisi, 10 Machi

Kikohozi. Nizar, jirani yetu muuza vitambaa, kaja na kompyuta yake, spika nzima. Waya wa kuziunganisha hakuna. Anasema si lazima. "Mwalimu, hizi zinaongea hewani, zenyewe kwa zenyewe, bila kitu katikati."

Hazikuongea. Kumbe alizipa zote mbili namba moja ya kutambuana, akidhani ndiyo undugu. Zikagombana mchana kutwa.

"We Nizar, hata mapacha wanapewa majina mawili," Twaha akamwambia.

Nakiri hapa, kabla sijafa. Wote nimewaambia nasubiri radhi ya mke wangu. Si kweli. Radhi alinipa zamani. Nataka kumsikia akitaja jina langu. Basi.

Ijumaa, 11 Machi

Umeme umekatika. Mashine zina betri. Nizar kabadilisha namba — zimeonana. Ila yake imejaa, faili ya sauti haina pa kukaa. Inabidi icheze kutoka ile ya Twaha. Zikitengana, sauti inakatika.

Na Twaha anaondoka sasa, na kompyuta ya kazini. Malori ya Muyinga yanakwenda kwa msafara, na wanajeshi, ukiachwa, umeachwa.

Salima anasema. Sauti imekuwa nyembamba. Anasalimia kwanza watu wa mtaa, nyumba kwa nyumba, kama inavyotakiwa. Mume huja mwisho. Amemuuliza Hurbai habari za mgongo. Amempa pole Fatouma.

Honi barabarani.

"Baba, msafara huo. Nisogeze sauti mbele, afike kwako?"

Nimekataa kwa mkono. Mama yako bado anasalimia watu.

Twaha kashika begi, anatazama mlango. Nizar katoka kuwaomba madereva wasubiri. Salima amefika kwa Mwajuma, anaulizia watoto, mmoja mmoja. Honi tena.