Kifaa cha Junaid kwenye kona ya shamba la Njau

Nadira, Junaid yuko hai. Jua hilo kwanza.

Asubuhi alikuwa Ngoingwa, akifukia kile kifaa chao cha kupima mitetemeko, kikiwa ndani ya ndoo. Unajua utafiti wake na wenzake: wanatafuta mahali mabara mawili ya kale yaligongana, huko chini kabisa. Mzee Njau alimkubalia mara moja akiweke shambani, hata akamwonyesha pa kuchimba: kona ya mwisho, karibu na ua wa ndugu yake.

KARIBU NA UA. Na Junaid akashukuru!

Alipomaliza kumwaga simiti, huyo ndugu, Mwas, akatokea na panga. "Nani amekutuma kupanda bikoni ya mpaka kwa shamba la baba yetu kabla tugawane?"

Junaid akamweleza kama yuko darasani. Mabara, mgongano, mawimbi.

Mwas akacheka. "Mabara yaligongana hapa Ngoingwa na hakuna mtu alisikia?"

Kisha akakata. Alikata waya, akapasua ndoo, akamgeukia Junaid. Njau akajirusha katikati na panga likamshukia mkononi. Junaid anasema alisikia mfupa. Amerudia mara ngapi sijui: alisikia mfupa.

Majirani walimpiga Mwas kwa mawe mpaka akaangusha panga.

Sasa Junaid na mzee wako hospitali, Thika. Shati la Junaid limelowa damu. Alikuwa anamshukuru mzee kwa kumwokoa, Njau akafumbua macho, akamshika kola kwa mkono uliobaki mzima:

"Wewe kijana, bikoni yangu bado iko?"