Maua Yaliyojipanda Kwenye Mboga

Dada yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu, nikitumaini goti limepata nafuu na bado unawashinda vijana kwa maneno. Sisi huku tunapumua. Mimi nasema, mke wa mwanangu anaandika. Nikirefusha ananikumbusha kwamba karatasi si shamba.

Yale maua ya kengele za zambarau niliyokusimulia yamestawi. Mwaka wa kwanza hutoa majani tu. Wa pili huchanua, humwaga mbegu na kufa. Tangu tufukuzwe kwetu sikuwahi kukaa mahali nikauona mwaka wa pili wa kitu chochote, basi nikayaacha yajipande yanapotaka. Jirani yetu, fundi cherehani, hunitania kwamba maua yangu hayajui uzazi wa mpango.

Lakini yana sumu, dada. Majani yake husimamisha moyo. Na sasa yamejipanda hadi kwenye tuta la mboga.

Jana mkwe wangu aliniuliza kama tuta ni safi. Nikamjibu nimelipalilia mwenyewe, achume tu. Alipokuwa akiosha mboga nilichovya mkono kwenye beseni, kidole kikagusa jani lenye vinyweleo. Mboga zetu hazina vinyweleo. Nikalipindua beseni lote sakafuni. Mjukuu akalia njaa. Mama yake akasema uzee umenipanda kichwani, nami nikajitetea kwamba niliteleza. Hapa anaguna: anasema alijua sikuteleza.

Kweli sikuteleza. Sioni, dada. Tangu mvua zilizopita naona ukungu mtupu. Napalilia kwa vidole na kumbukumbu, na miche michanga vinyweleo vyake havishikiki. Nilinyamaza nikiogopa kuketishwa kwenye kiti na bustani kufungwa. Kumwambia uso kwa uso nimeshindwa, ndiyo maana namwandikisha. Kung'oa hakutoshi, mbegu zimo udongoni, zitaota bila kuniomba ruhusa. Asichume tena hata jani moja, na mtoto asikanyage bustanini.

Kalamu imenyamaza. Nimemsihi aandike hata hilo.

Wasalimie wote wanaonikumbuka bado.

Nduguyo mwenye hofu,
Kaka yako

Shangazi, ni mimi mkwe wenu. Mboga za leo nilikuwa nimeshazichuma bila kumwambia. Zilikuwa jikoni zinachemka, mtoto anangoja na sahani. Kalamu iliponyamaza nilikuwa nimekimbia kuzimwaga. Sasa Baba kanishika mkono, haachii, ndiyo maana mwandiko umepinda.