Kutafuta Mahali Alipofungwa Baba

Jumatatu, 3 Machi
Nimeomba likizo ya wiki nzima pale duka la dawa, nikidhani nitalala. Wapi! Namzungusha Baba kwenye ngome za kale. Ana miaka sabini na tisa. Ujanani, akiwa mpiga chapa, walimkamata kwa ajili ya makaratasi aliyoyachapa, wakamfunga kitambaa machoni, wakamweka chini ya ardhi miezi minne. Hakuwahi kujua ni wapi. Anakumbuka ngazi kumi na moja, na bahari ikinguruma ng'ambo ya ukuta. "Nataka kupajua tu, mwanangu."
Leo ngome ya kwanza. Ngazi saba. Si hapa.

Jumanne, 4 Machi
Ngome ya bandarini. Mizinga, watalii, jua la kuchoma! Mwongoza wageni alikuwa akisimulia habari za manahodha, Baba akamkatiza: mahabusu waliwekwa wapi? Yule akacheka — eti hiyo haimo kwenye maelezo yake. Baba akageuka, akaelekea kwenye gari. Magoti yangu yanawaka moto. Kaka kapiga simu: nimwache mzee apumzike, hayo yalishapita. Rahisi kusema ukiwa umekaa.

Alhamisi, 6 Machi
Ya tatu. Ya nne. Si hapa, si hapa. Nimechoka hadi nikamfokea mbele ya watu — nikamwambia labda anakumbuka vibaya. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Najuta.

Jumamosi, 8 Machi
Leo nilitaka apunge hewa tu. Nikampeleka shamba la kale nje ya mji, lenye lile jumba jeupe wanakopigia picha maharusi. Bustani, bata, maua. Tulipozunguka nyuma, pale maji ya bwawa yanapomwagika ukutani, Baba akasimama ghafla. Akanibana mkono hadi ukauma.
"Siyo bahari," akasema. "Miaka yote hii — siyo bahari!"
Mtunza jumba akatufungulia ghala la chini. Baba alishuka amefumba macho, mimi nikihesabu kwa sauti. Kumi na moja. Akakaa sakafuni, na koti lake zuri lile, akaupapasa ukuta.
Mtunza jumba, mtu wa rika langu, akavua kofia. Akasema polepole: siku hizo baba yake alikuwa mlinzi hapa. Ndiye aliyeshika funguo.
"Yu hai?" Baba akauliza.
"Yu hai, mzee. Nyumba ile pale."
Nilidhani tutaondoka. Baba akajikung'uta vumbi, akafunga vifungo vyote vya koti. Nipeleke, akamwambia mtunza jumba. Mimi akaniambia nibaki.
Sasa ni nusu saa. Naandika hapa kwenye benchi. Mlango wao umefungwa. Sijasikia mtu akipaza sauti. Sijasikia chochote.
Huyo mtunza jumba anatoka — peke yake. Amesimama mbele yangu kama mtu aliyetumwa.
"Samahani, dada. Mzee wako chai anatia sukari?"