Nimemposa Mama, Natakiwa Nimpime Mwana

Bi Kawthar, assalaam alaykum. Mie ni msomaji wako wa siku nyingi, na nikisoma barua za wenzangu husema hawa watu wanayakuza mambo madogo, leo yamenifika mwenyewe na sina pa kwenda ila kwako. Jina langu Yaarub, naishi Bawshar, na majina usiyafiche, maana sisi wa Zinjibar hapa Maskati tunajuana kwa nyumba na kwa sauti, ukiyaficha utawapa watu kazi ya bure ya kutafuta.

Nna miaka khamsini na kitu, mke wangu alifariki zamani, Mungu amrehemu, hatukujaaliwa watoto, na ujanani nilicheza hoki, nikiwa beki, tena beki wa kusimama si wa kukimbia, na nilipoacha kucheza klabu yetu ikaniweka niwe mtu wa kuangalia vijana, yaani nikitoka kazini wizarani nakwenda viwanjani, natazama, kisha namwambia kocha wetu Khattab huyu anafaa, huyu bado. Mwaka huu vijana watachaguliwa kwa utaratibu mpya, vilabu vyote vinakaa ukumbi mmoja na kuchagua mchezaji mmojammoja kwa zamu, na sisi, kwa kuwa msimu uliopita tulifungwa mpaka tukashika mkia, tumepewa zamu ya kwanza.

Sasa kuna kijana anaitwa Alaa, beki wa kulia, umri wake miaka kumi na tisa, na Bi Kawthar, sijui kama unaujua mchezo huu, lakini beki kazi yake ni kukaa karibu na lango lake na kumzuia adui, na Alaa akishapata mpira kwenye gongo lake hana habari tena kama ana lango. Huondoka. Nimemuona akiuchukua mpira mbele ya golikipa wake mwenyewe, akapita baina ya wawili, akautoa, akarejeshewa, akaenda kufunga upande wa pili, na mie ambaye natakiwa nikae kimya nisimuoneshe mtu nnampenda nani, nilisimama nikapiga makofi mpaka tasbihi ikaniponyoka. Mechi hiyohiyo akafanya tena, safari hii akanyang'anywa, na adui wakateremka upande aliouacha mtupu wakafunga bila ya hata kutoka jasho, na golikipa wake akapiga ukelele, "Alaa, niachie hata kivuli chako!" uwanja mzima ukacheka, na hapo nyuma yangu nikasikia sauti ya mwanamke, "Rudi nyuma, we mtoto! Rudi!" nikageuka kumtazama nani huyu anayeujua mchezo.

Ndiye mamake. Bi Masouda, mjane, anafanya kazi duka la dawa Hamriya, na huja viwanjani na chupa ya chai ya maziwa na vikombe zaidi ya anavyohitaji. Tulizungumza hoki msimu mzima kabla hatujazungumza jingine lolote, na nitakwambia kweli, mie sikudhani kama kwa umri huu moyo unaweza kunidunda kwa kuona chupa ya chai. Nikamtuma dada yangu akapose. Jawabu lake lilikuja hivi: "Mwambie kaka'ko sikumkataa, lakini asubiri mpaka Alaa achaguliwe. Sitaki mwanangu aje aambiwe kaingia timu kwa mahari ya mamake."

Nikasema sawa, nitasubiri. Kumbe sikujua nnachosubiri. Wiki iliyopita Khattab kaniita, naye habari ya posa hajui, kaniambia, "Yaarub, wa kwanza kuchagua ni sisi. Nataka neno moja kwako. Alaa tumchukue, tusimchukue?" Nikamwambia anipe muda nikamtazame tena.

Nimekwenda kumtazama tena na tena, na kila nikimtazama sijui nnatazama kwa jicho gani. Nikisema achukuliwe, watu watasema Yaarub kanunua mke kwa nafasi ya timu, na huenda ikawa kweli, maana kijana huyu kushambulia anajua, lakini kuzuia ni mtihani, ananyoosha gongo mbele na miguu kaisahau nyuma, nyuma ya bega lake hatazami, na klabu yetu inachohitaji ni mtu wa kukaa. Nikisema aachwe, huenda nasema hivyo ili nionekane msafi, nikamdhulumu mtoto wa watu ambaye katika maisha yangu sijaona beki mwenye kipaji cha kwenda mbele kama chake. Na Bi Masouda nitamtazama vipi? Usingizi sina.

Na lililonimaliza ni la juzi. Nilikuwa namrejesha Alaa kwao Bustan baada ya mazoezi, tumo garini, akaniuliza, "Ami Yaarub, niambie kweli. Mie beki?"

Nikamwambia, "Wewe unacheza vizuri sana, mwanangu."

Akasema, "Sijakuuliza hivyo."

Nikajifanya natazama njia. Alipofika kwao akashuka, akafunga mlango taratibu, kwa adabu, akainama dirishani akasema, "Mama anasema wewe husemi uongo." Akaenda zake.

Bi Kawthar, nipe njia. Siku ya kuchagua imekaribia, Khattab anangoja, Bi Masouda anangoja, na huyo kijana sasa akiniona ananisalimia kama anavyomsalimia mshika filimbi.

Yaarub, Bawshar


BI KAWTHAR ANAJIBU

Bwana Yaarub, wa alaykumu salaam. Nilipoisoma barua yako mara ya kwanza nilicheka, niliporudia nikakasirika, na sasa nishatulia ndo nakujibu, na nakujibu kwa simu kabla ya kwenye ukurasa huu kwa sababu mambo yako hayawezi kungoja gazeti.

Hongera, kwanza. Mtu kupenda tena baada ya kuzika ni neema, na mwanamke anayekuja uwanjani na vikombe vya ziada alikuwa ameshakuona kabla wewe hujageuka. Hilo limalize, usilifanye msiba.

Sasa nikuseme. Hoki siijui, na wala hukuniuliza hoki. Katika barua yako umeshaniambia kila kitu kuhusu huyo kijana: anakwenda mbele kama hakuna mwingine, na nyuma bado. Umeandika bila kusitasita, jicho lako halina ugonjwa wowote. Unachotaka kwangu ni ruhusa ya kutolisema, na hiyo sikupi. Jiulize hivi: mamake angekuwa bibi kizee asiye na meno na chai yake haina sukari, ungemwambia Khattab nini? Basi neno hilohilo. Hilo ndilo la haki, liwe linampandisha kijana au linamshusha.

Na Khattab unamficha nini? Mtu amekuamini jicho lako, na wewe umekaa na jambo ambalo angelijua angekusikiliza kwa namna nyingine. Nenda leo. Mwambie umeposa kwa Bi Masouda. Mwambie yote uliyoyaona kwa Alaa, mazuri na mabaya, kisha mwombe apeleke mtu mwengine akamtazame ambaye hana posa popote, na uamuzi wa kuchukua au kuacha ujitoe, umwachie yeye. Ukichelewa, barua yako itachapwa kabla hujamfikia, na mke wa Khattab ni msomaji wangu.

Lakini kabla ya kwa Khattab, pita kwa kijana. Hapo ndipo uliponiudhi. Kakuuliza swali la kiume, nawe ukampa peremende. Umedhani unamlinda? Mtoto aliyekua bila baba kajikaza akauliza jambo analoliogopa, tena kamuuliza mtu anayetaka kuingia nyumbani kwao. Unadhani hajui? Ana miaka kumi na tisa, si kipofu. Alikuwa anakupima wewe, Bwana Yaarub, na kwa sasa umeanguka.

Usimwambie garini, garini watu wanatazamana kwa pembeni. Mpeleke uwanjani pakiwa hapana watu, shika gongo, mwambie kwa maneno machache, umwoneshe kwa miguu yako hata kama magoti yatalia. Kisha nyamaza umsikilize. Akikasirika, mwache akasirike, usimkimbilie na maneno matamu.

Bi Masouda usiende kumwomba radhi kwa jambo ambalo hujakosa, wala usimtangulizie habari ili akuhurumie. Yule mama kila mechi anasimama mbele ya watu akimkosoa mwanawe kwa sauti. Unafikiri anataka mume wa kumsifu uongo? Akikukataa kwa sababu ulisema kweli, basi utakuwa umeponea jambo. Lakini mimi, kwa ninavyomsoma, hatokukataa.

Haya, ondoka hapo ulipokaa.


ALIYONIANDIKIA BAADAYE

Bwana Yaarub aliniletea maneno haya baada ya Idi, na kwa ruhusa yake nayaweka hapa.

Bi Kawthar, nilifanya kama ulivyosema. Nilimchukua Alaa uwanjani alasiri, jua bado kali, hapana mtu. Nikamwambia, "Uliniuliza kama wewe beki. Katika kwenda mbele, beki kama wewe sijamuona. Kuzuia bado hujui." Nikamuuliza, "Hujui, au hutaki?"

Alikaa akipigapiga majani ya bandia kwa ncha ya gongo, nikadhani ataondoka. Kisha akasema, "Nikikaa nyuma naogopa, Ami. Nikiwa na mpira siogopi."

Bi Kawthar, msimu mzima nilikuwa natazama na hilo sikuliona. Wote tulidhani anajionesha, kumbe anakimbia khofu yake kwa kwenda mbele. Nikamwambia hata mie nilikuwa naogopa, kila beki anaogopa, ndo maana tunafundishwa miguu. Nikamwonesha: goti likunje, gongo liweke chini, usiuvamie mpira kwa gongo, mgeuzie adui miguu umsukume kwenye mstari wa pembeni, yeye ndo ashindwe pa kwenda. Magoti yalilia, kama ulivyosema. Siku ya pili alikuja mwenyewe, na ya tatu, tukawa tunakwenda kila alasiri.

Nilipotoka kwake siku ile ya mwanzo nilipitia kwa Khattab, nikamkuta anakula halua. Nikamwambia nimeposa kwa Bi Masouda. Akaendelea kutafuna.

"Ulikuwa unajua?" nikamuuliza.

"Yaarub, mtu anakwenda Hamriya kila wiki kununua dawa ya kifua na kifua chake kizima, watu hawamjui?"

Kisha akaacha utani, akanisikiliza mpaka mwisho, na akampeleka Bi Fajr, mwalimu wa michezo, akamtazame kijana. Bi Fajr akarudi na maneno yake: "Huyu kipaji. Lakini anataka timu yenye mtu wa kumfunikia nyuma akiondoka. Nyinyi mtu huyo hamna."

Siku ya kuchagua Khattab akasimama wa kwanza, akamtaja kijana mwengine. Nilimuona Alaa akitazama sakafu, na nikamuona Bi Masouda upande wa pili wa ukumbi akinitazama mimi, uso wake sikuweza kuusoma. Klabu nyengine zikapita. Kisha akasimama kocha wa timu moja ya Sur, mzee mwenye sauti ndogo, akasema, "Sisi tunamtaka Alaa. Nna sentahafu, mtu wa katikati, wa kumshikia nafasi akiondoka. Namtaka aende."

Kijana alisimama mpaka kiti kikaanguka.

Nje ya ukumbi Bi Masouda akanisimamisha. "Ulimwambia Khattab nini kuhusu mwanangu?"

"Niliyoyaona."

"Yote?"

"Yote. Na Alaa nilimwambia yaleyale, kabla ya Khattab."

Akaweka sawa mtandio wake, akatazama pembeni kidogo, akasema, "Basi dada'ko aje tena Ijumaa. Kaka zangu watakuwepo." Na nikaona anacheka, ingawa alijitahidi nisione.

Tumeoana baada ya Idi. Alaa alikuja kutoka Sur, akakaa kwenye nikaha karibu na wajomba zake, kavaa kilemba alichofungiwa na mamake, akanipa mkono akaniita Ami kama kawaida, nami sikutaraji zaidi.

Jana nikiwa kazini simu ikalia, ujumbe kutoka kwake. Ameandika: "Kocha leo kaniuliza nani kanifundisha kugeuza miguu vile. Nimemwambia ni baba'ngu. Habari yenyewe ilikuwa ndefu kueleza."